Toroli ya Angani: Karatasi Kwanza, Ndipo Kurusha

Ndugu wafanya kazi,

Nataka kusema habari ya droni, yaani vile videge visivyo na rubani ndani, ambavyo mtu huvirusha akiwa amesimama chini na rimoti mkononi. Najua wengine watasema: Droni na chama cha wafanya kazi, wapi na wapi? Hayo ni mambo ya mabwana wa uwanja wa ndege na ya vijana wapigao picha za harusi. Mimi nasema sivyo. Jambo hili limekwisha fika katika njia ya reli, limefika katika mikono ya vibarua, na tusipoziba ufa tutajenga ukuta.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka uliopita alikuja kandarasi mmoja, ambaye simtaji jina, kupiga picha za mitaro na tuta la njia kati ya Embakasi na Syokimau. Msimamizi wake alikuja na droni moja ndani ya sanduku, na kijana mmoja wa kibarua wa kubeba mizigo. Mtu ajuaye kuirusha hakuja siku ile. Msimamizi akamwambia yule kibarua, "Wewe kijana unajua simu. Hii ni kama simu tu. Irushe." Nikauliza, "Bwana, kibali kiko wapi? Hapa ni karibu na uwanja wa ndege." Akanijibu, "Kibali kiko ofisini. Wewe shika sululu yako."

Kijana akairusha, ikapanda. Hazikupita dakika tano, ndege kubwa ikatokea upande wa Mbuga ya Wanyama, imekwisha teremsha magurudumu, inakwenda kutua. Kijana akashikwa na hofu. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, droni ikaenda mrama ikaanguka juu ya kokoto za njia, na mapanga yake mawili yakavunjika. Ndege ilipita salama, namshukuru Mungu. Lakini jioni ile msimamizi alimkata kijana ujira wa siku nne, ati amevunja mali ya tajiri.

Sasa ndugu zangu, tazameni jambo hili vizuri. Kama droni ile ingaligonga ndege, nani angalitiwa pingu? Si tajiri, maana hakuwapo. Si msimamizi, maana angalisema yeye hakushika rimoti. Angalikamatwa kijana wa kibarua, ambaye hata jina la sheria hiyo hakulijua. Na sisi wa gangi tungaliitwa kushuhudia, au tungaliingizwa ndani pamoja naye. Kwa hiyo neno langu ni moja tu: sheria ya kuziweka droni mbali na uwanja wa ndege ni sheria njema na tuishike, lakini mzigo wake uwe juu ya tajiri anayetaka kazi ifanywe, wala usiwe juu ya mtu mdogo aliyeambiwa "irushe".

Sisi watu wa reli twaielewa sheria hii upesi kuliko watu wengine, kwa sababu ya toroli. Toroli ni kitu kidogo. Watu wanne huiinua na kuiweka kando ya njia. Mtu asiyejua kazi yetu aweza kusema, kitu kidogo kama hiki kitadhuru vipi gari la moshi lenye tani mamia? Lakini hakuna mtu wa njia awezaye kuweka toroli juu ya reli bila kumwuliza kwanza stesheni masta. Hata bwana injinia mwenyewe huuliza. Hatuulizi kwa kuwa toroli ni kubwa. Twauliza kwa kuwa gari la moshi liko njiani, na dereva hawezi kulisimamisha palepale. Basi droni ni toroli ya angani, na waongoza ndege walio katika mnara ndio stesheni masta wa huko. Mwenye kurusha bila kuwauliza ni sawa na mtu aliyeweka toroli relini usiku bila taa, akaenda zake kunywa chai.

Wengine husema, "Lakini anga ni pana. Ndege ziko juu sana, na droni iko chini." Hapana. Ndege kubwa ikija kutua hushuka polepole kwa mteremko wa nyuzi 3. Maana yake kwa kila kilomita moja ya safari hushuka mita 50 na kitu. Basi fanyeni hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Ikiwa bado kilomita 10 kufika mwanzo wa barabara ya kutulia, iko mita 500 na kidogo juu ya ardhi. Ikiwa bado kilomita 5, iko mita 260 hivi. Ikifika kilomita 2 na robo, iko mita 120 tu. Na mita 120, yaani futi 400, ndicho kimo cha mwisho ambacho kanuni zetu zamruhusu mrusha droni. Kwa hiyo hata mtu anayetii kimo cha futi 400, akiwa karibu na uwanja, amekwisha ingia katika njia ya ndege. Ndiyo sababu kimo peke yake hakitoshi. Sharti pawe na umbali pia.

Tena angalieni mwendo. Wakati wa kutua ndege kubwa huenda kilomita 250 kwa saa au karibu na hapo. Hiyo ni kama mita 70 kwa sekunde moja. Gari la abiria la Mombasa likienda kilomita 120 kwa saa hupita mita 33 kwa sekunde, na sote twajua dereva akiona ng'ombe relini hufunga breki zote na bado humgonga. Rubani ana shida zaidi ya hiyo. Hawezi kusimama hewani, wala hawezi kukiona kitu kisichozidi ukubwa wa kuku mpaka kimekwisha pita au kimekwisha gonga. Na droni si kuku. Haina manyoya na nyama laini, bali ina betri na mota za chuma. Ikiingia katika injini au ikipiga kioo cha rubani, hatari yake ni kubwa.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Mwezi wa Agosti 2021, katika uwanja wa Buttonville karibu na Toronto, Kanada, ndege ndogo ya Cessna iliyokuwa ikija kutua iligongana na droni. Droni ya nani? Ya polisi, waliokuwa katika kazi yao ya serikali. Waliokuwa ndani ya ndege walitoka salama, lakini ndege iliharibika upande wa mbele. Ikiwa polisi wenye mafunzo waliweza kukosea, je, kibarua aliyeambiwa kwamba hii ni kama simu?

Na hapa kwetu anga imekwisha jaa. Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili zenye marubani ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Hazikuwa droni. Moja ilikuwa ya abiria iendayo pwani, na nyingine ndogo ya kufundishia. Ile kubwa ilirudi ikatua katika uwanja wa Wilson, lakini watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Kama marubani wawili wenye macho, redio na waongozaji waweza kukutana hivyo, haifai mtu awaongezee kitu cha tatu ambacho hakuna aliyeambiwa kwamba kipo.

Sasa nieleze sheria yenyewe kwa maneno machache, maana wengi hawajaisoma. Kanuni za kwanza za droni hapa Kenya zilitangazwa mwaka 2017, lakini Bunge lilizifuta mwaka 2018 kwa kuwa wananchi hawakuulizwa vya kutosha. Kanuni nyingine zilitangazwa mwaka 2020, na mwenye kuzisimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iitwayo kwa kifupi KCAA. Kanuni hizo za 2020 zasema droni isajiliwe, na mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Isipande zaidi ya futi 400. Isikaribie watu, magari wala majengo yasiyohusika kwa umbali wa chini ya mita 50. Kampuni inayorusha kwa kazi iwe na cheti cha kazi hiyo, na yule mtu anayeshika rimoti awe na leseni baada ya mafunzo. Na juu ya yote, mtu asirushe ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege, au kilomita 7 kutoka ule mdogo, bila idhini ya Mamlaka.

Kilomita 10 ni wapi? Chukueni ramani, wekeni ncha ya bikari juu ya Uwanja wa Jomo Kenyatta, mzungushe duara. Mtaona stesheni ya Embakasi imo ndani. Syokimau imo, na ile stesheni kubwa ya reli mpya ambayo magari ya Mombasa yalianza kutoka mwaka 2017 imo. Imara Daima, Makadara na Dandora zimo, na Mlolongo pia. Stesheni kuu ya Nairobi iko nje ya duara hilo kidogo, lakini msifurahi upesi, kwa kuwa kutoka hapo mpaka uwanja wa Wilson hazifiki kilomita 5, na mpaka kiwanja cha jeshi cha Eastleigh ni vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, karibu njia yetu yote ndani ya Nairobi iko chini ya sheria hii. Mtu wa reli akiona droni mjini, asifikiri ni mchezo wa watoto. Aulize karatasi.

Najua kuna maneno ya kupinga, na ni haki kuyajibu. Mwenzangu mmoja wa depo aliniambia, "Sheria hii ni ya matajiri. Wamechukua ardhi, sasa wamechukua na mbingu. Kijana wa Pipeline amejinunulia droni apate mkate kwa picha za harusi, wanamwambia asirushe nyumbani kwake." Neno hili lina uzito. Duara la kilomita 10 limefunika mitaa mingi ya watu wa mishahara midogo, na si kosa lao kwamba wanakaa chini ya njia ya ndege. Mimi pia nataka ofisi ya vibali iwe wazi kwa mtu mdogo kama ilivyo kwa kampuni kubwa, na ada isiwe ukuta wa kumzuia. Lakini siwezi kusema sheria ifutwe. Maana nani wako ndani ya ndege? Si matajiri tu. Mna wahudumu wa ndege, mna mafundi, mna wasichana wetu waendao kutafuta kazi Arabuni na wanaorudi na sanduku moja. Na ndege ikianguka Embakasi au Mlolongo, haiangukii nyumba ya tajiri. Itaangukia sisi.

Uwanja ule wenyewe, uliofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, na hata leo hauendeshwi na mtu mwingine ila wafanya kazi. Usalama wake ni jambo letu tangu zamani.

Wengine husema, "Kama hukurusha wewe, huna la kuogopa." Nao wasikie habari ya Gatwick, karibu na London. Mwezi wa Desemba 2018 watu waliripoti kwamba wameona droni juu ya uwanja ule. Uwanja ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, tangu usiku wa tarehe 19 mpaka tarehe 21. Safari kama 1,000 zilifutwa au kupelekwa kwingine, na abiria kama 140,000 wakataabika siku chache kabla ya Krismasi. Polisi wakakamata mume na mke wa jirani ya hapo, kwa kuwa yule mume alijulikana kuwa mpenzi wa videge. Tajiri wake mwenyewe akashuhudia kwamba saa zile mtu huyu alikuwa kazini. Wakaachiliwa bila shtaka, lakini majina na picha zao zilikuwa zimekwisha enea magazetini. Mwaka 2020 polisi waliwalipa fidia. Na mwenye kosa hasa hakupatikana. Basi mwaona: mkasa ukitokea, kwanza hutafutwa mtu aliye karibu. Na hapa kwetu aliye karibu na njia ya ndege ni nani, kama si mtu wa gangi?

Nafunga kwa kutaja mambo ambayo naomba Chama chetu kiyachukue mbele ya wakubwa wa kazi.

Kwanza, karatasi zionekane kabla droni haijatoka sandukuni. Cheti cha kampuni, leseni ya mrushaji, idhini ya kurusha mahali pale na siku ile, na bima. Zisiwe "ofisini". Zionyeshwe kwa nyapara wa gangi na kwa mjumbe wa Chama, kama tunavyotaka kujua kwamba njia imefungwa kabla ya kung'oa reli moja. Na hilo liandikwe katika mapatano ya kila kandarasi anayeingia katika njia yetu.

Pili, mtu asiye na leseni asiamriwe kurusha, na akikataa asifukuzwe wala asikatwe mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimu mwajiri kuwapa watu wake maarifa, mafundisho na usimamizi wa kazi ya hatari. Kumwambia mtu "ni kama simu" si mafundisho.

Tatu, ujira wa yule kijana urudishwe, na jambo kama hilo lisifanywe tena. Sheria ya Kazi ya 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa makusudi ya mfanya kazi. Kijana yule hakuharibu kwa makusudi. Alitumwa kufanya kazi isiyo yake, kwa chombo asichokijua, mahali palipokatazwa. Mwenye makusudi ni yule aliyemtuma. Najua wengine watasema kibarua yule si mwanachama. Ni kweli, lakini leo kibarua amebebeshwa mzigo huu, kesho utaletwa kwetu.

Nne, matangazo yabandikwe kwa Kiswahili katika stesheni, depo na kambi zote zilizomo ndani ya duara, pamoja na ramani. Sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa ofisini haimkingi mtu wa sululu. Itamkamata tu.

Tano, ikiwa shirika litataka droni za kukagua njia, kwa maana zinafaa kutazama madaraja na mitaro wakati wa mafuriko, basi wafundishwe watu wa njia wenyewe. Sisi twaijua njia hii, twajua tuta gani huteleza na kalvati gani huziba. Mtupe leseni, mtupe karatasi, nasi tutarusha kwa kufuata sheria. Lakini isiwe kwamba droni moja imeingia na watu kumi wametolewa.

Na wewe ndugu msomaji, hata kabla Chama hakijajibiwa, una kazi ndogo ya kufanya. Siku utakapoletewa rimoti, uliza maneno matatu: Karatasi iko wapi? Leseni ni ya nani? Mnara umeambiwa? Ukikosa jibu la hata moja, weka rimoti chini, umwite mjumbe wako. Usitukane, usigombane. Sema tu kama tusemavyo juu ya toroli: njia haijatolewa.

Mimi nilimwuliza yule msimamizi mara moja tu, aliponijibu vibaya nikanyamaza. Jambo hilo lanisumbua mpaka leo. Ningalisimama imara, na wenzangu wa gangi wangalisimama nami, kijana yule hangalikatwa hata shilingi moja, na ndege ile isingalipita juu ya kitu kilichorushwa na mtu anayetetemeka. Safari nyingine sitanyamaza. Naomba nanyi msinyamaze.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia, Nairobi